Kiti cha Nyuma cha Mama Njoki

Mama Njoki,

Anakuja Alhamisi. Mkaguzi kutoka Nairobi. Mkuu wa chuo chetu cha ualimu amesema atakaa darasani mwangu somo zima, tangu salamu mpaka kufuta ubao, kisha ataamua kama somo lako la hesabu litaendelea au turudi tulikotoka. Nimeambiwa leo mlangoni mwa kanisa, vile mtu anavyoambiwa kuna mgeni wa chai. Sikungoja hata kusalimiana na watu. Nimekuja moja kwa moja hapa darasani, nimefunga mlango, na sasa nakuandikia. Sina mtu mwingine wa kumwambia kwamba naogopa. Wengine wote nimewazoesha kuona Wairimu asiyeogopa, na sasa sijui nitawaambia nini.

Nakuandikia kwa Kiswahili, si kwa Kikuyu, kwa sababu ni wewe uliyeweka ile sheria. Ukifika lango la chuo, Kikuyu unamwachia askari, utakichukua jioni ukienda kwako. Ulisema mwanafunzi wa Doldol, kwa wafugaji kule Laikipia, akipita nje ya chumba cha walimu akasikia tunacheka kwa lugha asiyoijua, atafikiri tunamcheka yeye. Bwana Kiragu alinung'unika muhula mzima. "Ati sasa tuombane chumvi kwa Kiswahili, na sisi sote ni wa hapa hapa?" Tangu uondoke, Kikuyu kimerudi mezani. Mimi bado naomba chumvi kwa Kiswahili. Naomba peke yangu, na mara nyingine siipati.

Meza yako amepewa Kiragu. Ameweka kofia yake pale ulipokuwa ukiweka chaki za rangi. Sweta yako ya kijani bado inaning'inia nyuma ya mlango, nilimwambia binti yako Njoki aje kuichukua, akasema, "Mwalimu Wairimu, iache hapo, chuo kina baridi." Basi ipo. Kuna siku za Julai niliitazama sana nikaona aibu kuivaa.

Na mazishi yako, acha nikuambie, maana hukusikia. Mkuu wa chuo alisimama pale Gakindu, katikati ya kahawa yenu, akasema ulikuwa mama mpole uliyependa usafi. Usafi, Mama Njoki! Miaka yote ile, na kile alichoona ni ufagio. Hakutaja somo hata kwa neno moja. Lakini wakubwa wa mkoa walipokuja kututembelea baadaye, alilieleza somo lako kutoka mwanzo hadi mwisho: niliona, nikafikiri, nikaamua, nikabadilisha. Nilikaa mstari wa pili nikihesabu hizo "ni" zake mpaka zikanishinda. Na mimi hesabu hainishindi upesi, unajua.

Lakini si hasira iliyonileta hapa. Hasira naijua, nimeishi nayo, inanipikia hata chai. Hiki kingine ndicho sikijui. Tangu asubuhi niko kama siku ile nilipokwenda kufanya mtihani wangu wa kwanza kama mtahiniwa wa nje, mwalimu asiye na mafunzo kutoka Mukurweini, nimeketi nyuma ya wasichana wa shule za bweni waliovaa viatu vinavyong'aa. Nilifaulu siku ile kwa kitu kimoja tu: sikukosea. Ndivyo nilivyopanda. Masomo kwa posta, mtihani baada ya mtihani, kukamua ng'ombe alfajiri kabla ya kitabu, na kila mahali niliponusurika ni kwa sababu sikukosea. Wengine walipanda kwa baba zao. Mimi nilipanda kwa jibu sahihi. Sasa wewe ukaenda ukaniachia somo ambalo mwalimu anatakiwa kusimama mbele ya watu na kuonyesha alipokosea.

Nakumbuka lilivyoanza, na nalikumbuka hivyo ili nijipe moyo. Ulipokuja chuoni kutoka chuo kikuu, ulikuta tunafundisha hesabu kwa zile karatasi za manjano walizotuachia wazungu. Bendera ilibadilishwa, wimbo ukabadilishwa, karatasi zikabaki. Tulikuwa tukizisoma kwa sauti, wanafunzi wakinakili, na wao wakiwa walimu wakaenda kuzisomea watoto. Kila mwaka kulikuwa na walioanguka, na kila mwaka walimu walisema ni wavivu. Mimi ndiye niliyekujia na majina yale. Nilikuambia, "Mama Njoki, wasiojua hesabu hutoka kila upande. Hawa wanatoka upande mmoja." Uliyatazama majina. Karibu wote walikuwa wa upande wa Laikipia, wachache wa Majengo hapa mjini, na mmoja asiyesikia vizuri. Ukaniuliza, "Wairimu, umeliona hili tangu lini?" Nikasema, tangu nilipofika. Ukauliza mbona sikusema. Nikakuambia ukweli: hakuna aliyewahi kuniuliza. Ukasema, "Basi mimi nitakuwa nakuuliza."

Na uliniuliza kila siku mpaka ulipolazwa.

Halafu ikawa ile habari ya Nasieku. Najua unaikumbuka, lakini nataka kuiandika, kwa sababu Alhamisi huenda mkaguzi akaniuliza kwa nini tulibadilisha, na mdomo wangu ukikauka angalau mkono utakuwa umekumbuka.

Nasieku alikuwa ametoka Doldol, mrefu, mpole, anayeshika chaki kama kitu kinachoweza kuvunjika. Tulimpeleka kufanya mazoezi ya kufundisha kwenye shule ya msingi kule Mukurweini, na Bwana Kiragu akaenda kumtazama. Akarudi amechukia. Hatua ya kwanza ya somo, kama karatasi za manjano zilivyotaka, ilikuwa mwalimu ahesabu watoto kwa sauti, akimgusa kila mmoja begani: moja, mbili, tatu, mpaka wa mwisho. Nasieku hakuhesabu. Alisimama mlangoni, akawatazama, akaanza kufundisha. Kiragu akampa sifuri kwenye hatua hiyo, na kwa sababu hatua zote zilizofuata zilitegemea ile ya kwanza, akampa sifuri kila mahali. Akatuambia chai ikiwa mkononi, "Huyo hajui hata kuhesabu. Mnataka akafundishe nini, kuchunga?" Watu wakacheka.

Hukucheka. Ulimwita Nasieku, ukamkalisha, ukamuuliza bila kumkemea. Akajibu akitazama sakafu. "Mwalimu, kwetu watu hawahesabiwi hivyo. Hata ng'ombe. Ukihesabu watoto wa watu kwa sauti, kama kuna baya litakalowapata, ni wewe umeliita."

Kiragu akasema hayo ni mambo ya kizamani, na sisi tuko katika nchi mpya. Ndipo ukamgeukia, sauti yako ikiwa laini kabisa, kama mtu anayeomba sukari. "Bwana Kiragu, wewe una watoto wangapi?"

"Wapo," akasema Kiragu.

"Wangapi?"

"Wapo wa kutosha boma, Mama Njoki. Mungu amenisaidia."

Mwalimu wa kilimo akaanza kucheka, akashindwa kushika kikombe, na sisi wengine tukafuata. Kwa sababu sote tulijua. Nyanya yangu mwenyewe hakuwahi kusema kumi alipohesabu wajukuu. Alisema tisa iliyojaa. Hakuna mtu katika chumba kile aliyewahi kumsikia mama yake akihesabu watoto wake kwa sauti. Kiragu asingewagusa wake begani hata kwa mshahara. Lakini tulikuwa tumeambiwa na karatasi, na karatasi hazikuwa na nyanya, kwa hiyo tukamwangusha msichana wa watu kwa kuogopa kitu ambacho sisi pia tunakiogopa.

Siku hiyo ndipo uliposema tutalifumua somo lote. Si kuliwekea kiraka. Kulifumua.

Mimi nilitaka tuanze na mtihani, wewe ukataka tuanze na wanafunzi. Kila mmoja alete hesabu moja ya kwao. Walileta zilizotushangaza: maji na zamu ya kisima, ukindu wa mikeka ya Majengo, nyasi zitakazotosha mpaka mvua. Tulizipanga sisi wawili kwenye meza hii, mimi nikipima ipi ni ngumu kuliko ipi, wewe ukipima nani atabaki nje. Uliniambia, "Wewe unaona namba, mimi naona viti. Tukiunganisha tutakuwa mwalimu mmoja mzima." Mama Njoki, sasa nimebaki nusu. Hilo ndilo linalonitisha. Nimebaki nusu, na mkaguzi anakuja kumwona mwalimu mzima.

Na kile kiti.

Kipo pale pale, nyuma, karibu na dirisha, kile chenye mguu mfupi. Dakika za mwisho za kila somo ulikuwa unaweka chaki chini, unapita katikati ya madawati, unakaa pale kama mwanafunzi, magoti yakigonga dawati, na unauliza, "Nimewapoteza wapi?" Kisha yeyote anayetaka anakwenda ubaoni kukuonyesha. Mwanzoni hakuna aliyethubutu. Mwalimu haonyeshwi. Ulikaa pale na kimya chako wiki baada ya wiki, mpaka Ramadhani wa Majengo, yule ambaye naye hasikii vizuri, akasimama akasema, "Mwalimu, ukigeukia ubao mimi sikusikii. Nasoma mdomo." Kuanzia siku hiyo hukugeuka tena. Na mimi ukanifundisha: "Usiongee na ubao, Wairimu. Ubao umeshafaulu."

Nilikuwa nakutazama ukikaa kwenye kiti kile na nilikuwa nakuonea wivu. Sasa nakwambia. Wewe ulikuwa na digrii. Wewe ukisema "hapa nilikosea," watu walisema, tazama unyenyekevu wa msomi. Mimi nikisema hivyo watasema, tulijua. Watasema, huyo ni yule wa masomo ya posta. Kwa hiyo tangu ufe, sijakaa. Nafundisha hesabu zako, mpangilio wako, naongea nikiwatazama, lakini dakika za mwisho zikifika nawapa zoezi la ziada na kiti kinakaa kitupu. Wanafunzi wanakitazama. Nasieku anakitazama, kisha ananitazama mimi. Amebakiza muhula mmoja apate cheti. Somo likirudi kwenye karatasi za manjano, ataanza tena kuhesabu mabega au ataondoka, na ninavyomjua ataondoka.

Sijui nitafanya nini Alhamisi. Nikikaa, mkaguzi ataona mwalimu asiyejua. Nisipokaa, ataona somo lisilo na kitu, kwa sababu bila kile kiti yale mengine ni hesabu za ng'ombe badala ya hesabu za kahawa, na hilo hata Kiragu anaweza.

Wanafunzi wanakuja kufagia. Naacha hapa.

*

Mama Njoki, leo ni Ijumaa.

Acha nianze na aibu, nimalizane nayo. Nilianguka vibaya.

Mkaguzi alikuja na mkuu wa chuo, wakaketi upande wa mlango. Mtu mwembamba, suti ya kijivu, kalamu yake haitulii. Kiragu naye akaja, ati kusaidia kubeba viti. Nilikuwa nimetayarisha kugawanya hesabu zenye baki, kwa ule mfano wa zamu ya kisima ulioupenda. Niliwasalimu. Nikafungua mdomo. Na kitu kilichotoka mdomoni mwangu kilikuwa karatasi ya manjano. Neno kwa neno. Mkulima ana madebe kadhaa ya kahawa, kila gunia linachukua madebe kadhaa, je, atapata magunia mangapi na baki gani? Sijui ilitoka wapi. Nadhani mtu akiogopa sana hukimbilia nyumba aliyozaliwa, hata kama iliungua.

Nikageukia ubao, na nilipogeuka nikahisi afadhali, kwa sababu ubao hauna macho. Nikabaki huko. Niliandika vizuri, mistari imenyooka, jibu sahihi, baki pembeni imepigiwa mstari. Nilisikia kalamu ya mkaguzi. Nilipogeuka nikaona Ramadhani amefunga daftari lake, amekunja mikono.

Zilibaki dakika chache. Mkuu wa chuo alikuwa anatabasamu, kwa sababu ilionekana kama somo. Ningeweza kuwapa zoezi la ziada na kila mtu angekwenda chai. Nilishika chaki nitoe zoezi, nikaibana mno, ikavunjika. Basi nikaweka vipande viwili mezani, na kwa kuwa mikono haikuwa na kitu tena cha kushika, nikaanza kutembea. Sitaki kukudanganya kwamba nilikuwa shujaa. Miguu ilikwenda kabla yangu. Nilipita katikati ya madawati nikafika kwenye kiti, nikakaa, kikayumba kama kawaida yake, karibu nishike dirisha. Na nikauliza. Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu anayeuliza njia.

"Nimewapoteza wapi?"

Kile kimya, Mama Njoki. Wewe uliwezaje? Nilikuwa nauona uso wa Kiragu, amefurahi kabisa.

Ramadhani ndiye aliyesimama, tena hakungoja. "Mwalimu Wairimu, leo uliongea na ubao kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mimi nimeona mgongo tu. Mgongo ni mzuri lakini haufundishi." Darasa likacheka, na mimi nikacheka, nikasikia jasho linashuka. Mkaguzi hakucheka.

Kisha Nasieku akanyanyuka, akaenda ubaoni, akaokota kipande cha chaki. Hakufuta hesabu yangu. Aliandika kando yake. Akasema, akiwaangalia wenzake na Ramadhani aone mdomo wake, "Hapa ndipo nilipopotea. Kwenye baki. Mwalimu ameiweka pembeni, ameipigia mstari, amemaliza. Mtoto atafikiri baki ni kitu cha kutupa." Akachora hori la maji. "Kwetu ng'ombe wanakunywa kwa zamu. Hori likijaa wengine wanangoja. Zamu ya mwisho huwa ni wachache, hawajazi hori. Hao ndio baki. Lakini nao wanakunywa. Hakuna mtu anafunga kisima kwa sababu wa mwisho ni wachache." Akaniuliza mimi, huko nyuma nilikokaa, "Mwalimu, ile kahawa ambayo haikujaza gunia, mkulima anaimwaga?"

Nikasema, "Hapana. Anaipeleka kiwandani vilevile."

"Basi tuwaambie watoto inakwenda wapi," akasema, akaweka chaki chini.

Nilikaa pale kwenye kiti chako na nilijua miaka yote hii nimefundisha baki bila kusema inakwenda wapi. Jibu lilikuwa sahihi siku zote. Na kengele ikalia.

Nisikilize sasa, hapa ndipo penyewe. Mkaguzi alitubakisha: mimi, mkuu wa chuo, na Kiragu ambaye hakuitwa lakini hakutoka. Akasema hesabu za kutoka nyumbani ni nzuri, kuongea ukiwatazama ni vizuri, hayo yote yaendelee. "Lakini kiti kile kiondolewe. Mwalimu, ikiwa wanafunzi ndio wanaokusahihisha, serikali inakulipa ya nini?"

Mkuu wa chuo akasema haraka, "Kitaondolewa, bwana. Hata leo."

Nilitaka kunyamaza. Nakuapia nilitaka sana. Somo lilikuwa limepona, nafasi yangu imepona, Nasieku angepata cheti, kwa bei ya kiti kibovu. Mtu mwenye hesabu zake angekubali. Nilianza hata kutikisa kichwa kukubali. Kisha nikafikiri: bila kile kiti, hii habari ya baki angemwambia nani? Angenakili, angefaulu au angeanguka, na mimi ningezeeka nikipiga mstari pembeni.

Nikasema, "Bwana, inanilipa nijue walipopotea kabla mtihani haujaniambia. Mengine uliyoyasifu yote yalitoka kwenye kiti hicho. Ukikiondoa, umetoa injini. Gari litang'aa, lakini watu watalisukuma."

Nikaweka mkono juu ya kiti kile.

Akamtazama mkuu wa chuo. "Somo hili ni la nani?" Na yule bwana wa niliona-nikaamua, Mama Njoki, yule yule, akarudi hatua moja nyuma kama mtu aliyeona siafu. "Hasa hasa, bwana, ni la Mwalimu Wairimu." Lilipokuwa linasifiwa lilikuwa lake. Lilipoanza kuuma likawa langu.

Nikasema, "Ni la Mama Njoki."

"Yuko wapi?"

"Tulimzika Gakindu."

Mkaguzi akashusha kalamu kidogo. Akasema marehemu hawezi kuulizwa maswali. Nikamwambia basi aandike jina la Mama Njoki kwanza kwa sababu ndiye aliyelianza, na langu chini kwa sababu ndiye nitakayeulizwa. Aliandika. Nilisimama juu yake mpaka alipomaliza, nikasoma yote mawili. Lako liko juu.

Ametupa mwaka mmoja. Na kiti. Matokeo ya mtihani yakija mabaya, hatarudi kuuliza somo ni la nani, anajua. Alipokuwa anapanda gari aliniambia, si kwa ubaya, "Mwalimu, umejitia kitanzini mwenyewe." Kiragu akanifuata mpaka mlangoni. Nilifikiri anataka kunicheka. Akasema, "Wairimu, ile ya baki... watoto wangu pia wanaiandika pembeni," akaenda zake bila kungoja jibu. Asubuhi hii nimekuta kofia yake haipo mezani pako. Huenda ameivaa tu kwa sababu ya baridi. Sitaki kuhesabu kisichohesabika.

Kwa hiyo usinifikirie nimetulia. Nimelala vibaya. Jumapili niliogopa mkaguzi. Leo naogopa mwaka mzima, na kila asubuhi ya mwaka huo ina dakika zake za mwisho. Naogopa kimya kile. Naogopa siku watakaponionyesha kosa ambalo sitajua kulirekebisha, mbele ya watu, na wewe hutakuwepo kuniuliza, "Umeliona tangu lini?" Nimekasirika na wewe pia, acha nikwambie. Uliondoka mapema mno. Kazi ya watu wawili hairithiwi na mmoja hivi hivi.

Lakini ahadi ni hii, na unajua mimi sitoi ahadi bila kupima. Nitakaa. Kila somo, dakika za mwisho, nitaweka chaki chini na kukaa. Sitawageuzia mgongo. Na baki, nitasema inakwenda wapi. Nasieku akipata cheti chake nitapanda Gakindu katikati ya kahawa ile mpaka kaburini kwako nije nikuambie kwa mdomo, tena kwa Kiswahili, hata Njoki akinicheka.

Pumzika sasa, mwalimu wangu. Darasa ninalo mimi.

Kengele ya kwanza imelia, wanakuja, nasikia Ramadhani anabishana na mtu huko nje. Nimechukua karatasi moja ya manjano, nimeikunja mara nne, nimeiweka chini ya ule mguu mfupi. Kiti kimetulia kabisa.

Mimi bado.

Wairimu